Bunduki Iliyosubiri Maelekezo

Ofisi ya Uratibu wa Msongamano wa Dhahabu, Tarime na Serengeti, inapenda kuutangazia umma kwamba bunduki yake haikukwama. Siku ya uzinduzi, mbele ya wachimbaji wote wa Kemorongo, bunduki ilipiga risasi ya kwanza kama ilivyoagizwa, kisha ikasubiri maelekezo zaidi. Wale waliocheka wamesamehewa, kwa kuwa hawana elimu ya silaha, na pia kwa kuwa walikuwa wengi mno kukamatwa.

Tangazo hilo nililiandika mimi, Simioni, Katibu wa Ofisi. Nalirudia hapa bila kubadili neno, kwa sababu mambo mengi yamesemwa baadaye, hasa sokoni, na watu ambao hawakuhudhuria kikao hata kimoja.

Ilikuwa miaka ile dhahabu ilipowaingia watu kichwani. Walimu waliacha chaki, wachungaji waliacha ng'ombe, na mchungaji mmoja wa kanisa aliacha vyote viwili, maana alikuwa anafuga pia. Kemorongo palitobolewa maduara, yaani mashimo ya wachimbaji, mpaka pakawa kama chekecheo. Kazi ya Ofisi yetu ilikuwa kuhakikisha kwamba watu wanasongamana kwa utaratibu. Nani aliianzisha Ofisi, swali hilo halikuwahi kufikishwa kwetu kwa njia sahihi. Tulikuwa na nyumba ya kupanga pale Nkende, iliyokuwa mashine ya kusaga mahindi, tulikuwa na Landrova, na tulikuwa na Msimamizi Mkuu, Mzee Waitara.

Mzee Waitara alikuwa mtu wa maono. Aliponunua bunduki ile kutoka kwa mwindaji mmoja wa Kizungu aliyekuwa anafunga kambi yake upande wa Serengeti, aliitazama siku nzima, akaona ina kasoro ambazo kiwanda hakikuzigundua. Ilikuwa shotgani ya kujipakia yenyewe. Ukibonyeza triga inapiga, inatema ganda, inaweka risasi nyingine, na wewe huna kazi ila kubonyeza tena. Lakini mtutu wake ulikuwa mrefu, haukuenea kwenye Landrova Mzee Waitara akiwa ameketi mbele. Na ilikuwa nyeusi, hali mali zote za Ofisi ni za kijani.

"Bunduki hii haijapata uongozi," alisema.

Ndipo akaitwa Ogada.

Ogada alikuwa fundi wa kuchomelea, mwenye banda lake Nyamisangura. Alichomelea mageti, baiskeli, vitanda, na jino la bandia la mzee mmoja wa Shirati, ingawa kuhusu hilo jino maoni yalitofautiana. Hakuna aliyewahi kumsikia Ogada akisema "sijui". Ukimuuliza kama anaweza kutengeneza mvua, angekuuliza unataka ya rasharasha au ya mawe. Alisema bunduki anazifahamu tangu Kisumu, ambako majenerali walikuwa wanampangia foleni. Akaukata mtutu kwa msumeno wa chuma, akabadilisha hiki na kile, halafu akafika kwenye rangi.

"Nipake wapi, Mkuu?"

"Kote."

"Na ndani?"

"Ogada, mura, kote ni kote."

Akapaka ndani na nje, na ndani akarudia mara ya pili ili isije ikapata kutu. Ilipokauka ilikuwa imefanana kabisa na mlango wa Ofisi. Tulijivuna sana.

Yaliyotokea kwenye uzinduzi yameshaelezwa na tangazo. Ninachoweza kuongeza ni kwamba mlinzi wetu, Werema, aliyekuwa mgambo zamani, alipiga risasi ya kwanza juu, watu wakainama. Akabonyeza tena. Pakawa kimya. Akabonyeza tena. Wachimbaji wakainuka mmoja mmoja. Mwanamke mmoja muuza uji aliuliza kwa sauti ya kawaida tu, "Ndiyo imekwisha?" Hapo ndipo kicheko kilipoanza, kikaenda duara kwa duara, mpaka waliokuwa chini kwenye mashimo wakacheka bila kujua kinachochekwa. Mzee Waitara alisimama pale na miwani yake ya jua, akangoja kiishe. Hakikuisha. Tukaondoka.

Kesho yake iliundwa Kamati ya Kuchunguza Tabia ya Silaha. Mwenyekiti Mzee Waitara, Katibu mimi, mjumbe na mtaalamu Werema. Tulianza kazi mara moja, bunduki ikiwa mezani juu ya kitambaa.

"Eleza tatizo," alisema Mwenyekiti.

"Mkuu, hiki chuma cha pembeni," Werema alisema, akikigusa kwa kidole. "Ukipiga kinatakiwa kirudi nyuma kiteme ganda. Hiki hakirudi. Kimenata."

Mwenyekiti akavua miwani. "Kimenata au kimekataa?"

Werema akanitazama mimi.

"Kuna tofauti," Mwenyekiti akaendelea. "Kikinata, hilo ni jambo la mafundi. Kikikataa, hilo ni jambo la Ofisi. Fikiri kabla hujajibu."

Werema alifikiri. Ana watoto wengi. "Kimekataa, Mkuu."

Kuanzia hapo uchunguzi ulikuwa na mwelekeo. Kwanza tuliipaka samli, kwa nadharia kwamba hata ng'ombe mkaidi hulainika akipata matunzo. Bunduki ilipiga moja ikanyamaza, na paka wote wa Nkende wakaanza kuizunguka Ofisi. Halafu ilionekana kwamba risasi zilinunuliwa upande wa pili wa Sirari, kwa hiyo huenda zilikuwa risasi za Kenya na hazikuelewa amri zetu. Tukatafuta za hapa nyumbani. Moja, kimya. Hatimaye Mwenyekiti mwenyewe aligundua kwamba bunduki ilianza kazi bila kuapishwa. Tuliiapisha siku ya Alhamisi, Werema akiapa kwa niaba yake, kwamba itailinda Ofisi na kuitii. Tukatoka nayo uani. Ilipiga moja. Tukasubiri kwa heshima. Haikuongeza neno.

"Hii si bahati mbaya," alisema Mwenyekiti polepole. "Bunduki imeapa na bado inakataa. Kuna mtu kaifundisha."

Ogada alikamatwa mchana ule akiwa anachomelea karai. Alifungiwa kwenye stoo ya Ofisi, ile iliyokuwa inawekwa pumba, na Mzee Waitara akapiga redio kwa polisi wa Musoma kuwaarifu kwamba amemnasa mtu aliyeigeuza bunduki ya Ofisi ili kudhoofisha uchumi. Jibu likaja kwamba Inspekta Tabitha angefika Jumatatu kumchukua. Uhujumu uchumi, wakati ule, halikuwa neno la mchezo. Kuna watu walichukuliwa kwa neno hilo na wake zao wakasahau wanakohoaje.

Mkewe Ogada alikuja kabla jua halijapoa. Anaitwa Adoyo, mwanamke mwembamba anayeuza samaki soko la Nyamisangura. Alikuja na beseni la sato wa kukaanga, kama vile alikuwa anapita tu. Stoo ilikuwa na kidirisha cha nondo. Wajibu wangu ulikuwa kusimama pale nisikilize, ndiyo maana waliamriwa wazungumze Kiswahili.

"Waambie ni yeye aliyekuamuru," alisema Adoyo, akipitisha samaki katikati ya nondo.

"Aniamuru nani? Kazi ile ni yangu."

"Ogada. Sema ulisema ndani pasipakwe, yeye akasema paka."

"Sikusema hivyo. Niliuliza tu. Na rangi yangu haina kosa. Nimepaka vitanda vya hospitali nzima, umesikia mgonjwa amelalamika?"

"Vitanda havirushi risasi."

"Ule mtutu umekatwa kama mkate, Adoyo. Wewe uliuona. Mzungu asingeweza."

Adoyo aliegemeza paji la uso kwenye nondo, akakaa hivyo. Kisha akageuka kwangu. Macho yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa ya mtu anayeuliza bei.

"Mwanangu, wakimpeleka Musoma atarudi?"

Nilimjibu kwamba suala la kurudi litatazamwa kwa kuzingatia taratibu zitakazokuwepo wakati huo.

"Mama yako yuko hai?"

"Yuko hai."

"Akikuuliza kitu, huwa unamjibu hivyo?"

Sikuwa na mwongozo wa swali hilo. Alinipa samaki, akainua beseni lake, akaondoka. Nilimla yule samaki kwa niaba ya Ofisi.

Jumamosi Mzee Waitara aliamua tuende Kemorongo hata hivyo, ili wachimbaji waone kwamba Ofisi haijatetereka. Bunduki ilifungwa kwa kamba juu ya boneti, ipate kuonekana. Kamba nilifunga mimi. Tulipofika kwenye mteremko wenye makorongo, Landrova iliruka, kamba ikakatika, na bunduki ikaporomoka. Iligonga jiwe, ikabiringika, ikagonga jiwe jingine, ikatulia kwenye kichuguu. Tulishuka mbio. Werema aliiokota na kuitikisa. Vipande vya rangi ya kijani vilimwagika kutoka ndani, vikavu kama maganda ya yai, kiganja kizima, jambo ambalo Kamati haikuona kuwa na uhusiano.

"Jaribu," alisema Mzee Waitara.

Werema akaielekeza kwenye kichuguu, akabonyeza. Ikalia. Akabonyeza, ikalia. Ikaendelea kulia kila alipobonyeza mpaka ikaisha, na maganda yakawa yanaruka pembeni moja baada ya jingine kama bisi. Mbuzi waliokuwa kando ya barabara hawakuonekana tena eneo lile.

Mzee Waitara alivua miwani, upepo ukipeperusha koti lake.

"Nimeitengeneza," alisema.

"Hongera, Mkuu," tulisema.

Tulirudi kuandika taarifa. Nilipendekeza iitwe Marekebisho kwa Njia ya Mtikisiko Uliopangwa, na Mwenyekiti alipenda lile neno "uliopangwa". Ila palikuwa na ugumu mmoja. Stoo alikuwemo mtu aliyeharibu bunduki, na mezani ilikuwepo bunduki nzima. Werema alisema labda tuiharibu tena mpaka Jumatatu. Tulikuwa tunalijadili pendekezo hilo kwa uzito wake, mlango ukagongwa. Ni Adoyo.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba."

"Nimekuja kushukuru. Nimesikia bunduki ya Ogada sasa inalia vizuri."

Mzee Waitara aliinua kichwa. "Bunduki ya nani?"

"Ya Ogada. Sokoni ndiyo habari. Wanasema fundi wa Nyamisangura kaichonga bunduki, Ofisi nzima imeshindwa kuielewa, sasa imejifungua yenyewe kama alivyosema." Aliongea kwa upole, macho chini. "Wanasema afande wa Musoma anakuja kumchukua akawatengenezee na wao. Mimi sijui mambo ya serikali, Mzee. Nimekuja kuuliza tu kama nimfulie lile shati jeupe."

Mtu akiniuliza siku gani niliona uongozi ukifanya kazi, nitamtajia siku ile. Uso wa Mzee Waitara ulianza kuvimba kuanzia shingoni.

"Mama," alisema, "mumeo hajawahi kuigusa bunduki hii."

"Lakini, Mzee, si ndiye aliyeukata ule..."

"Hajaigusa. Katibu, andika. Bunduki hii ilibuniwa, ilikatwa, iligeuzwa na kukamilishwa na Msimamizi Mkuu, peke yake, kwa mkono wake. Fundi Ogada hahusiki, hana ujuzi huo, na alikuwa stoo kwa bahati mbaya."

"Watu hawataamini, Mzee," Adoyo alisema kwa huzuni.

"Andika na hilo: Kamati yote imeshuhudia."

Tuliazimia kwa kauli moja. Nilikwenda mwenyewe kufungua stoo. Ogada alikuwa amekaa juu ya gunia, akauliza ameachiwa kwa sababu gani. Nikamsomea azimio. Akakaa tena.

"Sitoki," alisema. "Hana ujuzi huo? Nani hana ujuzi? Mleteni hapa yeye na msumeno, na mimi na msumeno, tuone."

Adoyo aliingia stoo, akachuchumaa mbele yake, akasema naye Kijaluo. Mimi Kijaluo sikijui. Najua tu kwamba alisema kwa muda mrefu bila kupandisha sauti, na kwamba mwishoni alimshika mumewe masikio yote mawili kama mtu anayeinua sufuria. Ogada akatoka.

Jumatatu uwanja wa Ofisi ulijaa. Mzee Waitara alikuwa amewaalika wachimbaji, wafanyabiashara, na mwalimu mmoja aliyebaki. Kwa mujibu wa hesabu zake, Inspekta alikuwa anakuja kumchukua mhalifu, lakini akikuta mvumbuzi badala ya mhalifu hatakuwa na sababu ya kukasirika. Aliamini hata kuna nafasi Musoma kwa mtu kama yeye. Ogada naye alikuja. Mkewe alimkataza asije, kisha akaja naye, na beseni la samaki kichwani, akasimama ubavuni kwake karibu kabisa.

Inspekta Tabitha alishuka kwenye gari na askari wake. Mwanamke mfupi, mtulivu, viatu vimeng'arishwa. Alitusalimia, akaichukua bunduki mezani, akaifungua akaona haina kitu. Akaupima mtutu kwa kiganja, akaurudia kuupima.

"Nani aliigeuza bunduki hii?" aliuliza.

"Mimi," alisema Mzee Waitara.

Inspekta akamtazama. "Nilivyoarifiwa kwenye redio, kuna fundi."

"Hizo zilikuwa taarifa za awali. Kazi hii ni yangu mimi. Nilipoinunua ilikuwa bunduki ya kawaida kama nyingine. Nikaona, nikafikiri, nikatenda."

"Na mtutu?"

"Mtutu hasa."

"Uliukata mwenyewe, au kuna mtu alikukatia?"

"Kwa mkono huu." Akauinua, watu wote wauone.

"Ulikuwa na kibali cha kuukata?"

"Inspekta, mbunifu akingoja kibali, ubunifu unapoa."

Wachimbaji walitikisa vichwa kwa kukubali. Lilikuwa jibu zuri.

"Mashahidi wapo?" aliuliza Inspekta.

Mzee Waitara akanigeukia kwa fahari, nami nikasimama. Nilisoma azimio lote, kwa sauti, na kwa kuwa lilikuwa fupi nililisoma mara ya pili. Werema aliulizwa, naye akasema ndivyo ilivyokuwa na kwamba yeye alishuhudia msumeno.

"Asante," alisema Inspekta Tabitha. Aliwapa askari ile bunduki. "Bunduki ya leseni hairuhusiwi kukatwa mtutu. Ni kosa kubwa, Mzee, kwa sababu wanaozikata ni majambazi. Nimetumwa kumchukua mtu aliyeigeuza bunduki hii. Twende."

Mzee Waitara alimtazama Inspekta, akatazama mkono wake uliokuwa bado juu, akaushusha.

"Samahani," alisema. "Nadhani kuna kutoelewana. Fundi ni yule pale." Akamnyooshea kidole Ogada. "Yule. Muulizeni. Yeye ndiye aliyekata."

Watu wote wakageuka. Nilimwona Ogada akivuta pumzi. Kifua kilipanda, kidevu kikapanda, uso wake ukawa na nuru ya mtu aliyengoja tangu Alhamisi atajwe jina mbele ya serikali. Akafungua kinywa.

Adoyo akakijaza sato.

Hakuwa na haraka. Alimweka samaki nusu nzima, akafunga taya kwa kiganja, akabaki ameshika.

"Mumeo anataka kusema kitu, mama?" aliuliza Inspekta.

"Anakula, afande. Amefungiwa stoo bure, hajala vizuri."

Inspekta alimtazama Ogada, aliyekuwa anatafuna huku machozi yanamtoka, kwa hasira au kwa mwiba, sijui. Akamtazama Adoyo kidogo zaidi. Kisha akanigeukia mimi.

"Katibu. Azimio lako linasema nini kuhusu huyu fundi?"

Nilikuwa na ukweli wa aina mbili mbele yangu, ule wa Msimamizi Mkuu wa Jumamosi na ule wa Msimamizi Mkuu wa sasa hivi. Nikamwona Mzee Waitara akinikonyeza kwa nguvu, jicho lote. Lakini azimio la Kamati haliwezi kutenguliwa ila na Kamati, na Mwenyekiti wa Kamati alikuwa ameshashikwa mkono na askari, kwa hiyo akidi haikutimia.

"Linasema hahusiki," nilijibu. "Na kwamba hana ujuzi huo."

Kutoka mdomoni kwa Ogada, nyuma ya samaki na kiganja cha mkewe, ilitoka sauti kama ya ng'ombe aliyekanyagwa.

Mzee Waitara aliingizwa nyuma ya gari. Alilalamika kidogo kuhusu nafasi ya kukaa, akauliza kama wanajua yeye ni nani, askari mmoja akamjibu kwamba wanajua, ni yule aliyekata mtutu. Werema alipiga saluti. Gari likashika njia ya Musoma, na vumbi lake likatukalia.

Landrova ya Ofisi funguo zake zilikuwa mfukoni mwa Mzee Waitara, kwa hiyo nilitembea. Sikuwa na haja ya kubaki Nkende. Ofisi isiyo na Msimamizi Mkuu wala bunduki ni mashine ya kusaga tu. Mbele yangu kidogo walikuwa Ogada na mkewe, nao wanaelekea Nyamisangura. Adoyo alikuwa amekwisha kumwachia mdomo. Tulipopita kituo cha mabasi ndipo uvumilivu ukamwisha Ogada.

"Lakini ule mtutu," alisema, "ulikatwa vizuri."

"Ulikatwa na Msimamizi Mkuu," alisema Adoyo. "Tembea."